Kibao cha Jenerali Mwenye Makaburi Mawili

"Baba, mtu mmoja anakuwaje na makaburi mawili?"

Binti yangu alikuwa na kazi ya shule juu ya Anthony Wayne, jenerali wa Marekani wa wakati wa vita vya uhuru. Swali lake likanirudisha kando ya barabara ile ya Pennsylvania, mimi na Mzee aliyekuwa akinifundisha kazi, kibali cha kupaka rangi upya mfukoni, kibao cha kumbukumbu ya Wayne mbele yetu.

Vibao vya jimbo hili ni vya alumini iliyomiminwa kwenye kalibu: uso wa buluu, herufi za dhahabu zilizoinuka. Chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji ndiyo adui. Inaingia pale bolti ya chuma inapogusana na alumini, na alumini inalika huku ikiota unga mweupe. Tulifunga bolti za chuma kisichoshika kutu, na wosha za plastiki katikati. Rangi ya zamani huweza kuwa na madini ya risasi, kwa hiyo tulisugua kwa msasa wa maji, namba 220, vumbi lisipeperuke. Praima ya alumini siku hiyohiyo, maana ukichelewa, alumini inajifunika utando mpya na rangi haishiki. Buluu mikono miwili, yaani tabaka mbili.

Jumamosi iliyofuata ikawa zamu ya dhahabu.

Rola ni ya inchi 4, ngumu, yenye manyoya mafupi. Ya sponji laini inabonyea na kugusa buluu. Unachovya kidogo, unaizungusha kwenye ubao mpaka iwe karibu kukauka, ndipo unaipitisha juu ya herufi bila kuikandamiza. Mikono mitatu myembamba, si mmoja mzito. Mimi nilikandamiza. Kwenye ANTHONY WAYNE kuna A mbili na O moja. Dhahabu ikaziba vitundu vyote vitatu. Mzee akachovya kijiti cha pamba kwenye thina, akakikamua kwa vidole, akakizungusha ndani ya A ya kwanza. Pembetatu ndogo ya buluu ikafunguka.

"Mara moja tu, mwanangu. Ukirudia, thina itakula na rangi ya chini."

Nikafanya O, kisha A ya pili, pumzi nimeibana.

Tukingoja rangi ikauke, akanisimulia. Wayne, aliyeiteka ngome ya Stony Point kwa singe usiku wa Julai 1779, alifariki Desemba 1796 katika ngome ya Presque Isle, Erie ya leo, akazikwa hapo. Mwaka 1809 mwanawe Isaac alikuja na kigari kidogo kumrudisha nyumbani. Wakaukuta mwili haujaoza vya kutosha. Daktari akauchemsha, mifupa ikaachana na nyama. Mifupa ikaenda kanisa la St. David's, Radnor, nyama ikarudishwa kaburini Erie.

Hayo nilimwambia binti yangu, akaandika. Nikamwambia pia kwamba ushindi wa Wayne pale Fallen Timbers, mwaka 1794, ndio uliozaa mkataba wa Greenville mwaka uliofuata, ambao kwa huo wenyeji wa asili wa Marekani walipoteza sehemu kubwa ya jimbo la Ohio la leo.

Kalamu ikasimama. "Na hao wenyeji, baba, herufi zao anazipaka nani?"

Jina lile nililipaka kwa moyo wote, na nikiitwa kesho nitalipaka tena. Lakini swali hilo halikunijia siku ile nikiwa na rola mkononi, na juzi mezani sikuwa na la kumjibu.