Tokeni za mdogo: nilivyopanga nyumba yenye mtoto wa PP1 na kichanga

Siku ya tatu baada ya kutoka hospitali, mkubwa wangu wa miaka minne, aliye PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea, alimtazama mdogo wake akilia, akamgeukia baba yake na kutoa ripoti: "Tokeni zake zimeisha." Mita yetu ya stima hulia tokeni, yaani umeme tuliolipia, zikikaribia kwisha, kwa hivyo hesabu yake ilikuwa sawa kabisa. Tangu hapo kunyonyesha kwetu ni kuweka tokeni. Neno hilo limenifaa kuliko mawaidha yote niliyopewa na wageni, kwa sababu mtoto aliyekulia kwenye ghorofa za Nairobi anajua kwamba tokeni zikiisha lazima ziwekwe sasa hivi, na kwamba kuziweka kuna mwisho.

Kichanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa saa 24, na kila mara inaweza kuchukua dakika 20 hadi 40 katika wiki za mwanzo. Jumlisha uone ni saa ngapi mama hana mikono. Vituko vya mkubwa karibu vyote huangukia humo: kumwaga maji, kupanda meza, kukata nywele za mdoli na kisha zake mwenyewe. Anajua huwezi kuinuka. Ndiyo maana sikuanza na ratiba ya kichanga, nilianza na kujiuliza mkubwa atakuwa akifanya nini dakika zile.

Jibu lilikuwa kiondo. Kinakaa juu ya kabati, kinashuka wakati wa tokeni tu, na mdogo akishacheua kinarudi juu. Hapo kwenye kurudi ndipo wengi hushindwa. Kikibaki sakafuni mchana kutwa, kufikia Jumatano vitu vyote vimezoeleka na kazi yake imekwisha. Ndani naweka vitu vitano, si zaidi, na kila Jumapili usiku nabadilisha viwili. Pegi za nguo 12 na kipande cha kadibodi kilichoandikwa 1 hadi 12 ndizo zilizodumu kuliko vyote: kila pegi inabanwa kwenye namba yake. Kubana pegi hutia vidole nguvu ya kushika penseli, na PP1 ni penseli mwaka mzima. Kingine ni leso ndogo na mdoli, ili naye abebe mtoto wake mgongoni. Halafu albamu ya picha zake mwenyewe akiwa mchanga, pamoja na kitu cha kutafuna. Ndizi au kiazi kitamu kilichochemshwa hutosha. Njugu na bisi sikuweka, kwa sababu mtoto wa chini ya miaka mitano hupaliwa nazo kirahisi, na wewe umekaa na kichanga kifuani.

Cha tano ni unga wa kuchezea. Vikombe 2 vya unga wa ngano, kikombe 1 cha chumvi laini, vijiko 2 vikubwa vya mafuta ya kupikia, na maji ya uvuguvugu robo tatu ya kikombe, yakimiminwa kidogo kidogo. Kanda dakika tano hivi mpaka uache kunata kiganjani. Ukimimina maji yote mara moja utapata uji, na dawa yake ni kuongeza unga, si chumvi. Chumvi huvuta unyevu wa hewa, kwa hivyo mvua za Aprili zikianza unga wenyewe hutoa jasho na kunata. Ukande upya na konzi moja ya unga mkavu. Ufungie kwenye kopo lenye mfuniko, na baada ya wiki mbili utupe. Mtoto mwenye mkwaruzo kidoleni usimpe, chumvi itamchoma, na asiule, kwa sababu chumvi hiyo ni nyingi mno kwa mwili mdogo. Nilijaribu kuutia rangi kwa manjano. Kochi bado linakumbuka.

Maharagwe ya kuchambua usiweke, hata ukisikia kwa nani. Mtoto wa miaka minne ataweka moja puani, na haragwe likikaa kwenye unyevu hufura na kukwama. Likiingia, usichokoe kwa kidole wala kibanio, utalisukuma ndani zaidi. Mpeleke kliniki.

Kabla ya kukaa, zungusha macho nyumbani: mkubwa ameenda choo, kikombe chake cha maji kiko karibu, gesi imefungwa kwenye mtungi wenyewe, komeo la mlango limeshushwa, na hakuna kiti wala ndoo roshani ambayo anaweza kupanda. Hilo la roshani halina mjadala. Sisi tuko ghorofa ya nne.

Kazi niliyompa mkubwa ni msimamizi wa daipa. Analeta safi, na kila iliyolowa anachora mstari mmoja kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni. Si mchezo tu: kuanzia siku ya tano hivi, kichanga anayeshiba maziwa ya mama hulowesha daipa 6 au zaidi kwa siku, na swali hilo utaulizwa kliniki. Siku moja karatasi ilionyesha mistari 14. Kumbe msimamizi alikuwa akijihesabu na yeye. Tukampa kalamu ya rangi nyingine.

Mchana tunatumia nepi za kitambaa, usiku na safarini daipa za duka. Nepi mpya zifue mara mbili tatu kabla ya kuzitumia, ndipo zinapoanza kunyonya vizuri, na usizitie dawa ya kulainisha nguo kwa sababu hupunguza unyonyaji huo. Lakini zinategemea maji. Kwetu mgao ukichelewa, mitungi ya lita 20 iliyojaa ndiyo inayoamua ni wiki ya nepi au ya daipa. Sikuwahi kuziacha zilowe kwenye ndoo isiyo na mfuniko wa kubana. Mtoto mdogo na ndoo ya maji ni hatari, hata maji yakiwa machache.

Kuoga ni saa nane mchana, jua likiwa dirishani, hasa Juni na Julai ambapo Nairobi asubuhi ni ukungu mtupu. Maji baridi yatangulie kwenye beseni, ya moto yafuate, ili mkubwa akiwahi kutumbukiza mkono asiungue. Koroga kisha pima kwa kiwiko: usihisi baridi, usihisi moto. Kimo cha vidole vinne au vitano kinatosha. Mkubwa hukaa kwenye stuli akiwa ameshika taulo mapajani kwa mikono miwili, na mikono yake ikishakuwa na kazi hairushi maji. Na jiko la makaa lisiingizwe chumbani kupasha joto, hata kwa dakika kumi. Moshi wake usioonekana huua waliolala. Vaeni sweta.

Sheria ya kumgusa mdogo ni moja: miguu tu. Kinachoguswa usoni na mikononi mwa kichanga huenda mdomoni, na PP1 ni kiwanda cha mafua. Akishuka basi la shule, sare inavuliwa mlangoni, mikono inaoshwa kwa sabuni, ndipo anapewa mguu. Kipimajoto cha kwapa kiwepo nyumbani. Mtoto wa chini ya miezi miwili akifika 37.5, anayekataa kunyonya, au aliyelegea, haendi duka la dawa. Anaenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Alama ya BCG, chanjo ya kifua kikuu, kwenye mkono wa kushoto ilitupa kazi nyingine. Wiki kadhaa baada ya sindano hutokea kijipu kidogo chenye usaha, jambo la kawaida, halikamuliwi wala halipakwi dawa. Kwa mkubwa wangu hicho kilikuwa kivutio cha kitalii. Mikono mirefu ya nguo ilimaliza ziara. Chanjo za wiki ya 6, 10 na 14 nazo nilizipanga siku za shule ili niende na mtoto mmoja. Ile iliyoangukia likizo nilienda na wote wawili, na mkubwa akapewa ubebaji wa kile kijitabu cha mama na mtoto ndani ya begi lake. Asishuhudie sindano yenyewe. Wangu aliishuhudia, akamwambia muuguzi, "Huyo hata hajakosea."

Kurudi nyuma kutakuja. Mtoto aliyeacha kukojoa kitandani mwaka mzima anaanza tena, au anataka kulishwa kama kichanga, au anaomba kunyonya. Hilo la kunyonya nilikamua kidogo kwenye kijiko akaonja. Akafikiri, kisha akasema ni chai isiyo na majani, akaenda zake. Ningemfukuza, angeomba kwa mwezi. Kitanda nilikitandika tabaka mbili: makintoshi isiyopitisha maji, shuka, halafu makintoshi nyingine na shuka nyingine juu. Saa nane za usiku unavua tabaka la juu tu, unalitupa kwenye beseni, mtoto analala palepale. Hakuna kuwasha taa kubwa, hakuna kesi. Tena mimi humwamsha kwenda choo ninapoamka kwa tokeni za saa tano usiku, na hilo peke yake lilipunguza shuka za kufua kwa zaidi ya nusu. Kama kuna kumhamisha kitanda, chumba au shule, fanya miezi miwili kabla ya kujifungua, la sivyo subiri. Ukimtoa kitandani siku ile kichanga anapoingia, atajua nani kamtoa.

Sasa wageni. Huja Jumapili, hubeba daipa na mkungu wa ndizi, Mungu awabariki, kisha humwambia mkubwa, "Umenyang'anywa titi wewe!" Mtoto hacheki. Siku hizi natuma ujumbe mapema: karibuni kuanzia saa tisa hadi kumi na moja jioni, mwenye mafua aje wiki ijayo, na mkifika msalimieni mkubwa kwanza, yeye ndiye atakayewaonyesha mtoto. Wengine hunung'unika kwamba ni maringo ya mjini. Wanaosoma ujumbe wanapata onyesho: mkubwa huwapeleka hadi kitandani, hutaja jina la mdogo, hueleza hali ya tokeni, halafu hutangaza kwamba muda umeisha.

Kuhusu baba: Sheria ya Ajira ya 2007 humpa likizo ya wiki mbili, na mama miezi mitatu. Wiki hizo mbili wanaume wengi huzitumia kumbeba kichanga huku mama akimkimbiza mkubwa, na kidonda cha uzazi bado kibichi. Sisi tuligeuza. Kichanga anayenyonya hana haja kubwa na baba mchana kutwa, mkubwa anayo. Baba yao alichukua asubuhi yote: uji wa wimbi kwenye chupa ya chai tangu usiku, sare, soksi na viatu vimepangwa kwenye kiti kwa mpangilio wa kuvaliwa, sanduku la vitafunio kwenye friji, kisha kushuka hadi getini kusubiri basi. Likizo yake ilipoisha, kazi hizo za kuandaa usiku hazikurudi kwangu, alibaki nazo. Nyanya yao alishika jikoni, njahi na supu, na mimi nikashika kichanga.

Mwezi wa tatu baada ya kujifungua nilianza kukamua maziwa ya kuacha nyumbani. Nakamua kwenye vikombe vyenye mfuniko, mililita 60 hadi 90 kila kimoja, kwa sababu kilichobaki baada ya mtoto kuanza kunywa hakipaswi kukaa zaidi ya saa mbili. Maziwa mabichi ya mama hukaa saa 4 nje kwenye ubaridi wa nyumba na siku 4 kwenye friji, nyuma kabisa ya rafu, si mlangoni ambako joto huingia kila friji inapofunguliwa. Stima ikipotea, friji isiyofunguliwa hubaki na ubaridi kama saa 4, kwa hivyo hakuna kuchungulia. Wa kuandika tarehe ni mkubwa. Nakata vipande vya plasta ya karatasi, namwambia namba, anaandika, anabandika. Wiki ya kwanza maziwa ya tarehe 6 na ya tarehe 9 yalifanana kabisa, maana namba zake hupinduka zitakavyo. Sasa kila namba ina mstari chini yake kuonyesha miguu iko wapi, na yeye hufungua friji kila jioni, akiwa na kibali, kuhesabu vikombe kwa sauti na kunijulisha tuna tokeni ngapi za kesho.