Nilivyoupata ukoo wa kuumeni wa wanangu, Ireland

Wanangu wanaitwa McLoughlin. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, na kwetu mtoto wa miaka saba anajua kujitaja, fulani bin fulani bin fulani, mpaka pumzi zimwishie. Kwa hiyo nilipoolewa hapa Dublin nikamuuliza baba mkwe wazee wake walitoka wapi. Akanijibu, "Westmeath, binti yangu, tangu enzi za wafalme." Nikangoja majina. Alikuwa na babu yake, na baba wa babu yake aliyeitwa Patrick, kisha wafalme. Katikati hapana kitu. Pengo hilo nimelijaza baada ya miaka mitatu, na ningelijaza mapema zaidi kama nisingesikiliza ushauri mbovu wa kila aliyejitia anajua.

Nianze na jina, maana hapo ndipo wengi wanapopotea. "Mac" ni mwana wa, sawasawa na bin yetu. "Ó" ni mjukuu au mzao. Sasa, walio na jina la McLoughlin ni koo mbili zisizohusiana kwa jina. Wa kwanza ni akina Mac Lochlainn wa kaskazini, rasi ya Inishowen huko Donegal. Hao walitoa mfalme mkuu, Muirchertach, aliyeuawa mwaka 1166, na nguvu zao zikavunjwa katika vita vya Caimeirge mwaka 1241, akina Ó Néill wakashika nafasi yao. Wa pili hawakuwa Mac hata kidogo. Ni akina Ó Maoilsheachlainn, wafalme wa Meath, wazao wa Máel Sechnaill aliyefariki 1022, na maana ya jina lao ni mzao wa mtumishi wa mtakatifu Seachnall. Kiingereza kilipotawala, jina hilo refu likasagwa likawa Melaghlin, kisha McLoughlin. Zamani Westmeath ilikuwa ndani ya ufalme wa Meath, basi baba mkwe hakuwa na shaka kwamba yeye ni wa hao wa pili.

Ami yake mume wangu naye alishikilia kwamba wao ni Waviking, kwa kuwa waandishi wa kale wa Ireland waliziita nchi za Skandinavia "Lochlann". Hoja hiyo nimeisikia harusini, msibani na mezani Krismasi. Lakini ukoo uliitwa kwa mtu, haukuitwa kwa nchi. Lochlann lilikuwa jina la mtu, naye ni Mwireland, kama vile Wagiriama wanavyoweza kumwita mtoto Mzungu na ukoo mzima hauna Mzungu hata mmoja.

Ushauri mbovu wa kwanza: "Nunua kile kipimo cha DNA kinachotoa asilimia." Nikanunua, yuro mia na kidogo. Baada ya wiki nyingi nikaambiwa baba mkwe, mtu aliyezaliwa Ireland kwa wazazi wa Ireland, ni Mwireland karibu mia kwa mia. Nilikasirika kweli. Kipimo cha namna hiyo huchanganya damu ya kila upande, kuumeni na kuukeni, na ukipanda vizazi vitano au sita fungu la babu mmoja limebaki dogo mno. Kwa kumtafuta ndugu wa karibu kinafaa. Kwa kulifuata jina hakifai. Na usimruhusu mtu akuuzie nembo ya ukoo iliyochorwa kwenye sahani. Nembo hutolewa kwa mtu na wazao wake, haitolewi kwa kila mwenye jina.

Kinachofuatana na jina ni kromosomu Y. Baba humpa mwanawe wa kiume karibu bila kubadilika, na mara mojamoja hutokea badiliko dogo linalobaki kama alama kwa wote watakaomfuata. Mimi sina, binti yangu hana. Mume wangu anayo, lakini nilimtaka mzee mwenyewe. Nikamwendea baba mkwe, na alikuwa na miaka themanini na haamini mambo hayo. Nilikwenda Jumamosi asubuhi. Nikamkuta ameshakunywa chai ya maziwa, ikabidi tungoje saa nzima, nimeificha birika asije akamimina nyingine. Kisha akasukutua kwa maji, nikamwonyesha kusugua kijiti ndani ya shavu, upande mmoja, halafu upande wa pili kwa kijiti kingine. Akaniuliza, "Na hiki kitamfikia Patrick?" Nikamwambia, "Baba, kitampita Patrick."

Hapa pia niliponzwa na aliyesema kipimo cha alama 37 za kromosomu Y kinatosha. Orodha ilirudi na watu wengi mno: Doherty, Gallagher, Kelly, Donnelly, McLoughlin wa kila tahajia. Sababu ni kwamba baba mkwe alikuwa wa tawi la M222, yaani kundi la wanaume wenye badiliko moja hilohilo kwenye kromosomu Y. Mwaka 2006 watafiti wa Trinity College, hapa Dublin, walionyesha kwamba kaskazini-magharibi mwa Ireland mwanamume mmoja kati ya watano ni wa tawi hilo, wakalihusisha na Niall wa Mateka Tisa, mfalme anayetajwa kuwa chimbuko la nasaba za Uí Néill. Tangu hapo watu wanauziana vyeti vya uzao wa Niall. Hesabu za baadaye zinaonyesha kwamba alama yenyewe ilitokea kabla yake, kwa hiyo kuwa M222 peke yake hakukufanyi mjukuu wake. Na hakuniambia Meath wala Donegal, maana koo zote mbili zinajinasibisha na huyohuyo Niall. Hoja ya Waviking tu ndiyo iliyokufa siku hiyo, nami nikampigia ami mwenyewe kumweleza.

Nikalipa tena, safari hii zaidi ya yuro mia nne, kwa kipimo kikubwa kinachosoma kromosomu Y karibu yote inayosomeka. Kama una fedha ya kipimo kimoja, anza na hicho. Ndani ya M222 kuna matawi na vitawi, na baba mkwe akatua kwenye kitawi cha watu wachache: McLaughlin wawili wa Marekani ambao wazee wao walipanda meli Derry kwenda Philadelphia, na mmoja ambaye kwao ni Clonmany, kaskazini-magharibi mwa Inishowen. Hakuna hata mmoja wa Meath.

Baba mkwe akakataa. "Sisi hatujawahi kuishi Donegal." Akanitaka nimletee karatasi.

Karatasi za Ireland zina majeraha. Sensa za 1821 hadi 1851 karibu zote ziliteketea mwaka 1922 katika Four Courts, jengo la mahakama hapa Dublin lililohifadhi kumbukumbu, za 1861 na 1871 serikali iliziharibu, za 1881 na 1891 zilisagwa wakati wa Vita vya Kwanza. Za kabla ya 1922 zilizosalia nzima ni za 1901 na 1911, na kuzisoma mtandaoni ni bure. Patrick alikufa kabla ya 1901. Ndoa yake ilifungwa kabla ya 1864, mwaka ambao serikali ilianza kuandikisha ndoa za Wakatoliki, na cheti chake cha kifo hakisemi alizaliwa wapi.

Basi nikamwacha Patrick, nikawatafuta waliosimama naye. Daftari za parokia Maktaba ya Taifa iliziweka mtandaoni mwaka 2015, bure. Nikaikuta ndoa yake, wino umefifia kama chai iliyomwagika, na shahidi: Dionysius McLaughlin. Mtoto wa kwanza wa Patrick alipobatizwa, msimamizi ni Dionysius tena, nami nikamhesabu kuwa ndugu yake. Wapo wanaodhani hilo ni jina la Kigiriki la padri fulani. La hasha. Mapadri waliandika Kilatini, na Dionysius ni Denis, kama Jacobus alivyo James.

Denis McLoughlin wa Westmeath katika sensa ya 1901? Hayupo. Nikajaribu McLaughlin, MacLoughlin, nikaandika kwa nafasi baada ya Mc na bila nafasi, nikajaribu M'Loughlin kwa alama ya ritifaa. Wiki mbili. Kisha nikafanya nililopaswa kufanya mwanzo: nikaliacha jina la ukoo wazi, nikaandika Denis, Westmeath, na umri tu. Nikawapitia mmoja mmoja usiku, watoto wamelala. Wa ishirini na ngapi sijui, huyu hapa: Denis McGlaughlin, miaka 70, mpangaji katika nyumba ya jirani kando ya reli, karibu na Mullingar. Hajui kusoma. Kibarua mstaafu wa reli. Safu ya lugha: nyumba nzima mahali pake ni patupu, yaani wanasema Kiingereza tu, isipokuwa yeye, "Irish and English". Na mahali alipozaliwa: Co. Donegal, yaani jimbo la Donegal.

Nilipiga kelele nikamwamsha mume wangu. Reli ilifika Mullingar mwaka 1848, na ndugu hawa walikuwa vijana wenye nguvu zao. Mtu wa Mombasa akishasikia reli haulizi tena watu walifikaje.

Kuhusu umri, tahadhari. Mjane wa Patrick ana miaka 58 mwaka 1901 na 74 mwaka 1911. Pensheni ya wazee ilianza Januari 1909 kwa waliofika 70, na wengi walizeeka ghafla. Mimi nauamini zaidi umri wa 1901.

Baba mkwe alisikitika kuwapoteza wafalme wa Meath, nikamweleza mambo mawili. Kwanza, Y ni uzi mmoja tu kati ya nyuzi nyingi. Kwetu pwani, mwaka 2023 ulichapishwa utafiti wa mifupa ya makaburi ya zamani ya Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa na kwingine: kuumeni kwa wengi ni Uajemi, kuukeni ni Afrika, na waliozikwa pale ni Waswahili. Pili, nikamwambia avae koti.

Tulimpeleka Grianán ya Aileach, ngome ya mawe ya duara juu ya kilima pale Inishowen inapoanzia. Mwaka 1088 Domnall Mac Lochlainn aliibomoa Kincora, makao ya wafalme wa Munster, na mwaka 1101 Muirchertach Ua Briain akaja kulipiza, akaibomoa Aileach. Ukisimama ukutani unaiona Lough Swilly upande mmoja na Lough Foyle upande wa pili. Upepo ulikuwa mkali. Mwanangu mkubwa akapanda ngazi za mawe, akasimama karibu na babu yake, akaanza kujitaja kama nilivyomfundisha, jina lake, baba yake, babu yake, mpaka akafika kwa Patrick, akanyamaza. Baba mkwe akamshika bega, akamalizia mwenyewe: "Ndugu yake Denis, wa Donegal."