Ruzuku ya chekechea na yale mafua ya darasa la wadogo

Watu wakisikia serikali inatoa ruzuku kwa chekechea wanadhani kuna gunia la hela linashushwa mlangoni, mimi nimeshika rejista ya kituo miaka kadhaa sasa na sijawahi kuliona hilo gunia. Hela inakuja kwa vichwa. Mtoto kafika, tiki, hajafika, mstari. Mwisho wa mwezi unajumlisha tiki, unazidisha na kiwango, ndo hiyo yenu, na inaingia baada ya kazi kuisha, sio kabla.

Sasa kuna wiki mafua yalipita darasa la wadogo. Jumatatu watoto 18, Alhamisi wamebaki saba, na hao saba wenyewe kamasi mpaka mdomoni. Ruzuku imeshuka chini ya nusu. Mshahara wa walimu wawili je, ulishuka? Kodi ya jengo? Walimu ndo kwanza kazi iliwaongezeka, kila dakika wanafuta pua na kunawisha mikono. Ijumaa akaja mzazi na mtoto ana homa kabisa, unamshika shingoni unahisi moto, na bosi wangu akawa amesimama pale mlangoni anaangalia mtoto, anaangalia rejista, mtoto, rejista, nikajua kabisa anawaza nini kwa sababu hata mimi nilikuwa nawaza hivyohivyo. Tiki moja. Tulimrudisha nyumbani, ila ile sekunde tuliyosita sijaisahau.

Najua utaniambia basi walipe kwa walioandikishwa, mtoto aje asije. Sehemu zingine wanafanya hivyo na inasaidia sana, ila usipokuwa na mkaguzi mkali unaanza kupata watoto hewa, majina yamejaa kwenye daftari na viti vitupu darasani.

Halafu kuna swali la kiwango chenyewe. Uingereza wazazi wanaofanya kazi walianza kupewa masaa 30 ya bure kwa wiki, watoto wa miaka mitatu na minne, tangu Septemba 2017. Ukisikia bure unafurahi, ila wenye vituo wamelalamika miaka nenda rudi kwamba hela serikali inayolipa kwa kila saa ni chini ya gharama yake halisi, kwa hiyo wanafidia kwa kumchaji mzazi chakula, nepi, na yale masaa ya ziada. Quebec, lile jimbo la Kanada, wao mwaka 1997 waliweka bei ya dola 5 za Kanada kwa siku kwa mzazi, serikali inabeba inayobaki, akina mama wengi wakarudi kazini, lakini nafasi hazikutosha na foleni ikawa ndefu balaa. Sweden tangu 2002 wana ukomo, mtoto wa kwanza mzazi halipi zaidi ya asilimia 3 ya kipato cha nyumba, na kusema kweli huo ndo naupenda maana haumuulizi mtu kama ni maskini wa kutosha, unapunguza tu kadri mfuko ulivyo.

Australia nao walifungulia ruzuku kampuni za faida, kampuni moja ikanunua vituo ikapita elfu moja, 2008 ikaanguka na serikali ikabidi iingize hela ili milango isifungwe. Yaani soko huria lakini hasara ya wote, sawa tu.

Kwenye mikutano mikubwa wanaongelea asilimia. Novemba 2022 kule Tashkent, Uzbekistan, nchi zilikubaliana angalau asilimia 10 ya matumizi ya elimu iende kwenye elimu ya awali, na sina ugomvi nayo, iende. Ila hata ikifika 15 halafu ikaletwa kwa tiki na kwa kuchelewa miezi miwili, mwalimu wa watoto wadogo bado atakopa nauli. Mimi ningekuwa na kalamu, mshahara wa mwalimu ungelipwa kwa darasa, darasa lipo, mwalimu yupo, lipa, halafu hayo mengine, vifaa, chakula, ndo uhesabu kwa vichwa ukitaka.

Kesho nafunga rejista ya mwezi. Na leo mchana, wakati wa kulala, nimesikia mmoja kwenye kona ya dirisha ameanza kukohoa.