Mizizi haiko juu

"Baba, yale malori ya mchanga siku hizi hayapiti?" Kijana aliniuliza juzi tukisubiri matatu pale Likoni. Nikamwambia uchimbaji kule Kwale ulisimama Desemba 2024. Yeye akaridhika, akarudi kwenye simu yake. Mimi nikajikuta niko Nguluni, kijijini Kwale, kwa Bibi.

Ilikuwa likizo, mwishoni mwa miaka ya tisini. Kampuni ya Kanada, Tiomin, ilikuwa ikipima mchanga mwekundu wa vilima vile, na siku hiyo vijana wake wakabisha hodi kwetu na mashine ya kutoboa. Waliomba ruhusa kwa adabu, tena kwa shikamoo. Wakatoboa katikati ya minazi.

Mjiolojia wao, kijana wa bara, alitia mchanga kwenye sinia, akamimina maji, akaanza kuuzungusha kama mtu anayeosha mchele. Maji yakatoka mekundu. Akayamwaga, akatia mengine. Udongo ukaisha, ukabaki mchanga mweupe, nao akausukuma ukingoni kwa kidole gumba, kidogo kidogo, bila haraka. Mwisho ukasalia mkia mweusi mwembamba, unaometameta, usiojaza kijiko cha chai. Bibi alikuwa amechuchumaa, leso ameibana magotini, pua nusura iguse maji.

"Hii ndiyo ilmenaiti, Mama. Hutengenezewa rangi nyeupe."

"Hii nyeusi?"

"Hiyo hiyo nyeusi."

Bibi akacheka, alijua anataniwa. (Hakuwa anataniwa.) Kisha akauliza, "Na ni ya nani?"

"Shamba ni lako, Mama. Madini yaliyo chini ni ya serikali."

"Chini kuanzia wapi?"

Kijana akakuna kichwa.

"Nauliza kwa sababu minazi yangu hii, mizizi yake haiko juu."

Hakujibiwa. Akanituma nipande nimwangulie mgeni dafu.

Yaliyofuata mnayajua. Leseni ya kuchimba ikatoka 2004. Nguluni na Maumba watu wakahama, Bibi akiwemo, minazi yake imehesabiwa mmoja mmoja. Mwaka 2010 mradi ukauzwa kwa Base Resources ya Australia kwa dola milioni 3, na meli ya kwanza ikang'oa nanga hapa Likoni Februari 2014. Oktoba 2024 Base yenyewe ikanunuliwa na Energy Fuels ya Marekani, mchanga wa Kwale umebaki wa miezi tu. Wenye mali watatu kwa shimo moja, na hapo serikali sijaihesabu.

Siku hizi Sheria ya Madini ya 2016 inaugawa mrabaha, yaani malipo ya mchimbaji kwa madini anayoyatoa: asilimia 70 serikali kuu, 20 kaunti, 10 jamii ya pale panapochimbwa. Sheria nzuri, siikatai. Ila namwona Bibi amemkazia macho afisa mwenye daftari: jamii ya hapa, kuanzia lini?