Baa iliyoangushwa mara mbili

Jana nilipita Carlton Tavern, pale Kilburn, London. Mimi si mnywaji, niliagiza soda tu, lakini historia yake imenikaa kichwani. Baa ya kwanza iliangushwa na bomu la Wajerumani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ikajengwa upya mwanzoni mwa miaka ya 1920. Aprili 2015 mwenye jengo akaleta tingatinga bila kibali, siku chache kabla halijatangazwa kuwa la kulindwa. Alidhani yameisha! Wakazi wakamkalia kooni, halmashauri ya Westminster ikaamuru ijengwe tofali kwa tofali kama ilivyokuwa. Ikafunguliwa tena 2021. Nimegusa ukuta wa nje kwa mkono wangu. Wallahi, huwezi kujua uliwahi kuwa kifusi.