Jumatatu ya mafuriko

Katikati ya Aprili 2018 mvua ilinyesha Dar es Salaam mwisho wote wa wiki bila kupumzika, na Jumatatu asubuhi redio ikatangaza kwamba Barabara ya Morogoro imefungwa pale Jangwani, magari hayavuki. Kwa majirani zetu wa Kimara hiyo ilikuwa habari ya kuchelewa kazini. Kwangu ilikuwa siku ya mashine.

Shinikizo la damu lilikuwa limeua figo zangu zote mbili. Nilisafishwa damu kwa mashine hospitali ya Muhimbili Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kwa muda wa saa nne kila mara, na bima ndiyo iliyolipa. Bila bima sijui tungeuza nini. Anayeishi kwa ratiba hiyo anaiogopa Jumatatu. Tangu Ijumaa hujagusa mashine. Maji ambayo mkojo hauyatoi yamejaa mwilini na kupanda kwenye mapafu, na potasiamu imeongezeka kwenye damu kiasi cha kuweza kuusimamisha moyo bila kubisha hodi.

Usiku ule nililala nimeketi, mito mgongoni, nikitafuta pumzi. Mke wangu hakulala kabisa. Kulipopambazuka alifanya alichofanya kila siku: aliweka vidole juu ya mkono wangu wa kushoto, pale madaktari walipounganisha mishipa miwili ili sindano za mashine zipate pa kuingia, akatulia kusikiliza kama damu bado inavuma. Mvumo huo ukipotea, njia imeziba. Wauguzi walimwonyesha mara moja tu, na tangu hapo hakuna aliyelazimika kumkumbusha.

"Unavuma," akasema. "Vaa, baba. Tunaondoka."

Nikamwambia tusubiri kidogo, huenda barabara ikafunguliwa.

"Ya Jangwani yatapungua yenyewe. Hayo ya kifuani kwako hayapungui bila mashine."

Akaanza kupiga simu. Mdogo wake alikuwa na teksi, naye akakubali kuja, ila gari lingeishia kwenye lami. Njia ya kuteremka kwetu ilikuwa imegeuka mto wa matope. Kijana wetu mkubwa akasikia, akavua viatu, akachuchumaa mbele yangu. Sikutaka. Nilikuwa baba yake, na kichwani mwangu bado ni mimi niliyembeba yeye. Hakubishana nami. Alisema tu, "Baba, shika shingo," akainuka nami. Mama yake alitangulia na fimbo akipima kina cha maji, na binti yetu akafuata nyuma na mfuko wenye kadi ya bima, dawa na blanketi, kwa sababu kwenye mashine mwili hupata baridi hata ukiwa Dar es Salaam. Nilisikia moyo wa mwanangu ukidunda kupitia mgongo wake. Nililia, na mvua ikanisitiri.

Teksi ilizunguka: Ubungo, Sam Nujoma, Mwenge, Morocco, kisha Salenda ndipo tuingie Upanga. Mji wote ulikuwa kwenye njia hiyo moja. Shemeji hakuzungumza, alitafuta upenyo tu. Mke wangu alikaa nami nyuma, ameniegemeza kifuani kwake nisilale chali, na kila tuliposimama alimpigia muuguzi kumweleza tulipofika. Saa yangu ilikuwa imeshapita zamani. Wengine waliotoka ng'ambo ya bonde la Jangwani walikuwa wamekwama pia, na wauguzi walikuwa wakihamishahamisha zamu ili kila atakayefika apate nafasi. Waliponipima nilikuwa nimezidi kilo nne juu ya uzito wangu mkavu, yaani uzito wa mwili bila maji ya ziada. Muuguzi hakuuliza kwa nini nimechelewa. "Baba, leta mkono."

Baada ya saa moja hivi kifua kilianza kufunguka. Mke wangu alikuwa benchi la nje na nguo zake mbichi; alikataa kwenda kubadilisha.

Watu huniambia nilikuwa jasiri miaka ile. Naona wanampongeza asiyehusika. Mgonjwa wa figo hana ujasiri wa kutosha kumvusha wiki nzima peke yake. Lazima ugawanywe kwa watu. Mama mkwe, aliyekuwa akija na madafu na machungwa kwa mapenzi tu, alipoelezwa kwamba ndivyo vyenye potasiamu nyingi aliacha siku ileile, akajifunza kukata viazi na mchicha vidogo vidogo, kuchemsha kwa maji mengi na kuyamwaga. Na nyumba nzima ilikula chungu hicho kimoja. Mke wangu alikataa katakata kunipikia sufuria ya mgonjwa. Laiti kila hospitali ingewaita ndugu na kuwafundisha siku ileile mgonjwa anapoambiwa, badala ya kumkabidhi karatasi yeye peke yake akiwa hata kusoma hawezi kwa hofu.

Jioni njia ilikuwa bado haijafunguliwa. Shangazi yake mke wangu anakaa Kariakoo, akatutaka tulale kwake hadi Jumatano tusije tukakwama tena. Tulipofika, viazi vilikuwa tayari vimechemshwa na maji yake kumwagwa. Mama mkwe alikuwa amempigia simu mchana kumwelekeza. Mume wa shangazi akanisogezea kikombe kidogo cha chai, chake nacho kidogo vilevile, akaniuliza kama Simba watachukua ubingwa mwaka huo.