Rufaa ya besi ya tatu

Ilikuwa zamu ya sita kati ya saba za mechi ya besiboli, kwenye kiwanja cha shule upande wa Miwani, nje ya Kisumu. Wageni walikuwa wanadaka huku wakiongoza 4-3. Wenyeji walikuwa na wakimbiaji wawili, besi ya kwanza na ya pili, na wenzao wawili wameshatolewa, yaani auti mbili. Nilikuwa mwamuzi nyuma ya mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji.

Mpigaji aliubamiza mpira ukaviringika hadi ukingoni mwa miwa. Wa besi ya pili akafika nyumbani, besi ya mwisho inayoleta alama, 4-4. Wa besi ya kwanza akaja mbio nyuma yake, 5-4. Mpigaji mwenyewe akaishia besi ya tatu. Besi zetu zilikuwa magunia ya mchanga yaliyopakwa chokaa, na yule mkimbiaji wa kutoka besi ya kwanza alikata kona ya tatu mno: kiatu kilitua kwenye udongo mweusi, shubiri moja kando ya gunia, upande wa ndani. Niliona nikanyamaza. Mwamuzi hatangazi besi iliyorukwa. Timu inayodaka ndiyo yenye kudai, na dai hilo ndilo rufaa.

Kocha wa wageni akapiga kelele kutoka benchi. Kelele si rufaa. Tena kapteni wao, ambaye ndiye mdakaji, alikuwa ameshaomba mchezo usimame, na ukisimama rufaa haisikilizwi mpaka uanze upya: mrushaji akanyage kibao chake cha kurushia na mpira mkononi, mwamuzi atangaze “Cheza!”, ndipo mrushaji ashuke kwa nyuma ya kibao na kurusha besi ya tatu. Akimrushia mpigaji anayefuata hata mpira mmoja, haki imepotea. Akiutupa ukatoka nje ya uwanja, imepotea pia kwa mkimbiaji huyo na besi hiyo. Akifanya kosa la urushaji akiwa bado kibaoni, kosa hilo huhesabiwa kuwa mchezo mpya na rufaa inakufa hapo hapo. Timu changa huharibu hapa, kwa pupa tu.

Mrushaji wao alishuka taratibu. Mwenzake wa besi ya tatu akadaka, akakanyaga gunia.

“Refa, hakugusa.”

“Yupi?” Watu watatu walikuwa wamefika pale, lazima aseme.

“Aliyefunga la tano.”

Nikainua ngumi. Auti ya tatu, zamu ya wenyeji imekwisha.

Wageni wakatoka wakirukaruka, lakini kapteni alinijia. “Mwalimu, kama ni auti ya tatu, hata la nne si linafutwa?”

Halifutwi, na sababu ni besi yenyewe. Mkimbiaji wa besi ya kwanza hulazimika kumpisha mpigaji, lakini kulazimika huko kunaishia besi ya pili. Angeiruka hiyo, auti ingekuwa ya kulazimishwa na alama zote mbili zingefutika. Fred Merkle wa New York Giants yalimkuta hayo tarehe 23 Septemba 1908: hakufika besi ya pili, na alama ya mwenzake McCormick, ambayo ingewapa ushindi dhidi ya Chicago Cubs, ikafutwa. Huyu wetu, besi ya tatu hakulazimishwa na mtu. Kwa hiyo aliyemtangulia anabaki na alama yake. Wa nyuma yake ndiye angeikosa, kama angekuwa amefika nyumbani.

Kapteni alifikiri kidogo. Alikuwa mjanja huyu. “Basi hata aliyefunga la nne hakugusa ya tatu.”

Sheria inaruhusu kudai auti ya nne ya namna hiyo, nayo ingefuta alama. Ila zamu ikiisha, madai yafanywe kabla mrushaji na wadakaji wote wa ndani, wale wanaolinda besi, hawajavuka mistari ya uwanja kwenda benchi. Wenzake walishafika kwenye mtungi wa maji, na mdakaji hahesabiwi miongoni mwa wadakaji wa ndani. Aliwaita warudi. Nikamwambia muda umepita, nikaandika 4-4, wenyeji wakachukua glavu zao kuingia uwanjani.